Kubeba Gunia Si Kipimo

Muulize mwanaume wa miaka arobaini na tano hali ya afya yake, atakujibu kwa kazi. Jana kashusha mifuko ya simenti peke yake. Wiki iliyopita kaendesha lori kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, na njiani kalala mara moja tu. Mara ya mwisho kulazwa hospitali alikuwa shule ya msingi, na ilikuwa malaria. Akiwa mtu wa utani atagusia na mambo ya chumbani, kisha atacheka. Hiyo ndiyo mizani tuliyorithi: anayeamka, akala akashiba, akaenda kazini na kurudi kwa miguu yake, huyo mzima.

Ubaya wa mizani hiyo ni kwamba inapima vitu ambavyo mwili huviacha mwisho kabisa. Presha, sukari na ugonjwa wa figo vinaweza kukaa mwilini miaka kadhaa huku mwenyewe akiendelea kushusha simenti. Mikono ikija kushindwa, mara nyingi ni mkono wa upande mmoja tu, na jina lake ni kiharusi.

Wanawake wametuzidi hapa, na wala si kwa sababu wana busara kuliko sisi. Wana kliniki. Kila mimba inapoingia, mama anapimwa uzito, presha, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya Ukimwi, na majibu yanaandikwa kwenye kadi. Mwenye watoto watatu ameshafungwa kitambaa cha presha mkononi mara nyingi kabla hajafikisha miaka thelathini na tano. Mumewe alimsindikiza, akabaki kwenye benchi la nje na simu yake. Mwanaume akishamaliza shule anaweza kupita miaka ishirini asikutane na mizani, labda apite kwenye banda la upimaji wa bure pale maonyesho ya Sabasaba, tena kama foleni si ndefu.

Basi inabidi ajitengenezee kliniki yake nyumbani. Vifaa ni vichache: daftari la mwanafunzi, futi ya fundi cherehani, saa inayohesabu sekunde, na sakafu tupu. Mashine ya presha nitaizungumzia mbele, kwa sababu ndiyo pekee inayotaka fedha ya maana.

Tuanze na sakafu. Vua viatu, simama karibu na ukuta, na kama una wasiwasi wa kuanguka mwite mtu asimame jirani. Keti chini, kisha inuka, bila kujishikilia popote: si kiganja sakafuni, si goti, si mkono juu ya paja. Jipe alama tano za kuketi na tano za kuinuka. Kila unapotumia mkono au goti kujisaidia, toa alama moja. Ukiyumba, toa nusu. Matokeo ya kipimo hiki yalitangazwa mwaka 2012 na daktari wa Brazili, Claudio Gil Araújo, aliyekijaribu kwa watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Waliopata alama chache walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliopata nane na kuendelea. Kuinuka kwenyewe hakurefushi maisha. Ila kunakusanya mambo manne kwa mpigo: nguvu za miguu, ulaini wa viungo, mizani ya mwili na uzito unaoubeba. Mwenye goti bovu atafeli bila ya moyo wake kuwa na hatia, kwa hiyo asijihukumu.

Anayesali swala tano au anayekula chakula chake mkekani ana mazoezi ya jambo hili bila kujua. Aliyehamia kwenye sofa miaka ishirini iliyopita atashangaa. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi walipofungwa vifaa vya kupima mwendo wa mwili, utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba nao hupumzika karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa mjini. Tofauti ni kwamba muda mwingi wa mapumziko hayo wako chini: wameketi ardhini, wamechuchumaa, wamepiga magoti, na misuli ya miguu haijalala. Kwa hiyo tatizo la sofa si uvivu tu. Sofa inakushikilia kila kitu, mwili haubaki na la kufanya.

Aliyevuka hamsini aongeze la mguu mmoja. Simama kwa mguu mmoja, mwingine ukiuweka nyuma ya ule uliosimama, mikono ikiwa ubavuni, macho mbele, sekunde kumi. Araújo na wenzake walirudi mwaka 2022 na matokeo ya watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75. Takriban mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata, hata umri ulipozingatiwa. Vijana wengi wataliona hili jambo la kitoto. Wawape baba zao.

Kwa vijana kuna pushapu. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walichapisha habari za askari wa zimamoto 1,104 wa jimbo la Indiana, Marekani, wote wanaume, waliofuatiliwa kwa miaka kumi. Walioweza kupiga zaidi ya arobaini mfululizo walipata matatizo ya moyo na mishipa kwa uchache mno, pungufu ya asilimia 96 wakilinganishwa na walioshindwa kufikisha kumi. Takwimu hiyo imesambaa sana na imewatia wengi kiburi, wengine hofu. Wale walikuwa watu wa kazi ya nguvu, na anayefikisha arobaini kwa kawaida pia havuti sigara, hana kitambi na analala vizuri. Piga zako kwa utaratibu, kifua kikikaribia sakafu na mgongo ukiwa umenyooka, andika idadi, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Kutoka nane hadi kumi na tano ni habari njema kuliko arobaini za kuibia, zile za kutikisa shingo huku kiuno kimebaki pale pale.

Pumzi inapimwa uwanjani. Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alipendekeza mwaka 1968 kipimo cha dakika kumi na mbili: kimbia, ukichoka tembea, kisha angalia umefika umbali gani. Huhitaji uwanja wa riadha. Uwanja wa mpira wa kawaida una mita 105 kwa 68, hivyo kuuzunguka mara moja ni karibu mita 346. Mizunguko sita ni zaidi ya kilomita mbili, na mwanaume wa miaka arobaini na kitu anayeimaliza ndani ya dakika hizo kumi na mbili pumzi yake si mbaya. Lakini asiyefanya mazoezi tangu aoe asiende kujipima hivi kesho asubuhi, na mwenye maumivu ya kifua asijaribu kabisa. Aanze kwa kutembea haraka, mwendo ambao unaweza kuongea nao lakini huwezi kuimba. Mwendo wa namna hiyo, dakika 150 kwa wiki, ndio kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima akifikishe.

Hapo niwaseme kidogo wenzangu wa vikundi vya jogingi. Jumapili alfajiri barabara za Dar es Salaam zinapendeza kwa fulana za rangi moja, nyimbo na filimbi. Saa mbili na nusu tumeshakaa: supu ya kongoro, chapati tatu, na kwa wengine kinywaji cha kuondoa uchovu. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hakuna anayetembea hata kwenda dukani, anatumwa mtoto au anaitwa bodaboda. Kukimbia na wenzako ni jambo jema. Kukimbia mara moja kwa wiki kwa ajili ya picha hakutoshi.

Mapigo ya moyo yanapimwa asubuhi, kabla hujashuka kitandani. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye mkono chini ya dole gumba, hesabu sekunde thelathini, zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Mfanya mazoezi anaweza kushuka hadi hamsini na kitu na asiwe na tatizo. Namba yako mwenyewe ndiyo ya kuiangalia. Ukiwa mtu wa 64 kila siku, halafu wiki nzima ukawa 78, kuna kitu: homa inanyemelea, usingizi haukutosha, au pombe imezidi. Yakiwa juu ya 100 umekaa kimya, au yanaruka ruka bila mpangilio, hilo ni la daktari. Unaweza pia kuyahesabu mara tu unapomaliza kukimbia, kisha tena baada ya dakika moja ya kutembea polepole. Moyo wenye siha hushuka haraka. Watafiti wa Cleveland, Marekani, walionyesha mwaka 1999 kwamba kushuka kwa mapigo kumi na mawili au pungufu katika dakika hiyo kuliendana na hatari kubwa zaidi ya kifo.

Kuhusu kitambi. Mwanaume atakuapia kwamba anavaa suruali namba 34 tangu alipooa. Ni kweli, ila siku hizi mkanda anaufunga chini ya tumbo. Mahali pa kupimia ni juu zaidi: tafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya hapo, toa pumzi ya kawaida, soma. Usivute tumbo ndani, maana hakuna anayekutazama. Kwa mwanaume wa Kiafrika onyo linaanza sentimita 94, na 102 ni hatari ya wazi. Asiye na futi achukue kamba ya urefu wake kuanzia utosini hadi kisigino, aikunje katikati iwe nusu, ajizungushie tumboni. Kamba isipokutana, tumbo limevuka nusu ya urefu, na hilo linatosha kukuambia ufanye kitu. Mafuta ya tumboni yanajikusanya kuzunguka ini na viungo vingine vya ndani, na ndiyo yanayovuruga sukari na presha. Ndiyo maana mtu mwembamba wa miguu na mikono mwenye tumbo la mviringo hayuko salama kama anavyodhani. Ile hesabu ya uzito kugawanywa kwa urefu mara urefu ina kazi yake hospitalini, lakini haitofautishi nyama na mafuta. Mbeba mizigo wa sokoni anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi na mhasibu wa kitambi akaonekana wa kawaida. Kwa mwanaume, mimi naiamini kamba kuliko mizani.

Sasa presha, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi tunaitumia presha kama jina la hasira au huzuni: fulani kanipandisha presha, mama kapata presha aliposikia msiba. Kwa hiyo mwanaume mpole, asiyegombana na mtu, anaamini hawezi kuwa nayo. Wengine wanasubiri kisogo kiume. Presha ya juu kwa kawaida haiumi popote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 46 ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kama wanayo, na hao si wazembe wote, wengi wao wanajisikia vizuri tu.

Kuipima vibaya ni rahisi kuliko kuipima vizuri. Umefika zahanati umepanda ngazi, umebanwa na mkojo, umetoka kunywa kahawa chungu kijiweni, muuguzi anakufunga kitambaa juu ya shati na anakuuliza habari za nyumbani huku mashine ikijaa upepo. Namba itakayotoka si yako. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote sakafuni bila kuipandanisha, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku nne hadi saba, za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki tafuta wastani. Mashine za kufunga juu ya kiwiko zinaaminika kuliko zile za kifundo cha mkono, na mwenye mkono mnene aombe kitambaa kikubwa, kwa sababu kidogo kinapandisha namba kwa uongo.

Chini ya 120 kwa 80, shukuru Mungu na uendelee. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, au hospitalini 140 kwa 90 kwa siku tofauti, nenda ukaonane na daktari na daftari lako mkononi. Ukisoma 180 kwa 120 au zaidi, tulia, rudia baada ya dakika chache. Ikiwa bado na unaumwa kifua, kichwa kinapasuka au unaona ukungu, hiyo ni safari ya muda ule ule. Aliyeanzishiwa vidonge asiache kwa sababu amejisikia nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya kidonge.

Mashine nzuri kwa mtu mmoja inaweza kuwa ghali, lakini wanaume hatukai mmoja mmoja. Tuna kijiwe cha kahawa, kituo cha bodaboda, baraza la bao, na kinyozi. Huko Los Angeles, daktari Ronald Victor na wenzake walichukua saluni 52 za vinyozi zenye wateja weusi, wakawapata wanaume 319 wenye presha ya juu, na katika baadhi ya saluni wakapeleka wafamasia kukutana nao kwenye kiti cha kunyolea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 27 kwa waliohudumiwa na wafamasia pale saluni, wakati kwa wale walioambiwa tu na vinyozi wao waende kwa daktari ilishuka kwa takriban 9. Tofauti hiyo ilitokana na dawa na ufuatiliaji, kupima peke yake kusingeweza. Lakini mlango ulikuwa kinyozi. Sisi tunaochangishana fedha za msiba kabla jua halijazama hatushindwi kuchangia mashine moja ikae kijiweni.

Tufike sasa kule ambako msomaji wangu alikuwa ananisubiri. Nguvu za kiume zinazungumzwa sana mjini, na karibu kila anayezizungumzia anauza kitu. Jioni kuna meza za mihogo mibichi, karanga na vipande vya nazi. Kuna supu ya pweza pwani nzima. Kuna vumbi la Kongo na unga wa mizizi wa kila rangi. Supu ya pweza ni tamu, inywe kwa utamu wake. Unga usio na jina uogope. Maabara katika nchi mbalimbali zimekuta ndani ya dawa za namna hiyo sildenafil ile ile ya hospitalini, kwa kiasi ambacho mnunuzi hakijui, na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akiichanganya anaweza kushuka presha ghafla akafa.

Kinachosahaulika katika biashara hiyo yote ni kwamba kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu, na kwa hiyo ni kipimo. Mishipa ya uume ina upana wa milimita moja au mbili. Ile inayolisha moyo ina tatu au nne. Mafuta na ugumu vikianza kuziba mishipa ya mwili, myembamba ndiyo hulalamika kwanza. Madaktari wa moyo wameona kwamba kwa wanaume wengi tatizo la chumbani hutangulia tatizo la moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Mtu amepewa taarifa mapema namna hiyo, naye anakwenda kununua unga wa kuinyamazisha!

Jinsi ya kuisoma taarifa hiyo: angalia asubuhi. Mwanaume mwenye mishipa mizima huamka mara nyingi uume ukiwa umesimama, bila kuwaza lolote. Kama asubuhi mambo ni kawaida lakini usiku yanagoma, au yanagoma baada ya ugomvi wa ada za shule, tafuta chanzo kwenye mawazo, uchovu au uhusiano wenyewe. Kama yamefifia polepole, asubuhi na usiku, kwa miezi mitatu au zaidi, usiende kwa muuza unga. Kapime presha, sukari na lehemu. Mvutaji sigara ajue pia kwamba sigara ni miongoni mwa maadui wakubwa wa mishipa hiyo. Na kama ulianza kuona tatizo baada ya kupewa dawa ya presha, mwambie daktari abadilishe dawa. Madaktari husikia jambo hili kila wiki, hatashtuka. Kuacha kidonge kimyakimya ni kununua kiharusi.

Mkojo nao unasema mengi kwa asiyeona haya kuutazama. Kukojoa mara kwa mara usiku, na kiu isiyokatika, na uzito unaopungua bila sababu, vyote vinaelekeza kwenye sukari. Wazee walijua kwa kuona sisimizi wamejaa pale mtu alipokojoa. Kipimo cha sukari ya damu asubuhi kabla ya kula kikisoma 7.0 au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikasoma hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Povu linalobaki kila siku ni la kupimwa protini, maana figo zinaweza kuwa zinavuja. Damu kwenye mkojo haina udogo. Kwa waliokulia kwenye majaruba ya mpunga inaweza kuwa kichocho, na isichukuliwe kama jambo la kawaida la vijana.

Mkojo unaochelewa kutoka, unaokatika katikati, unaoacha matone kwenye suruali, kwa mwenye umri wa kuanzia hamsini mara nyingi ni tezi dume iliyotanuka, ambayo si saratani. Saratani yenyewe mwanzoni kwa kawaida haina dalili, ndiyo maana mwenye miaka hamsini, au arobaini na tano kama baba au kaka yake aliwahi kuugua, azungumze na daktari kuhusu kupima hata kama anakojoa vizuri. Na kile kidole kinachotaniwa vijiweni kisimzuie mtu. Kwa kawaida huanzwa na kipimo cha damu kiitwacho PSA; kidole hufuata pale daktari anapoona haja, na hakichukui hata dakika. Kwa siku mbili kabla ya kutoa damu hiyo acha tendo la ndoa na baiskeli, kwani vyote vinaweza kupandisha namba.

Wakati wa kuoga maji ya vuguvugu, mara moja kwa mwezi, zungusha kila korodani taratibu kati ya dole gumba na vidole. Uvimbe mgumu, hata usiouma, ni wa kuonyesha. Saratani ya korodani ni adimu kwetu, lakini ikitokea hupenda vijana. Busha si adimu, hasa pwani. Halisababishwi na madafu, hata kama babu alisema hivyo. Mara nyingi huku kwetu chanzo ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na busha lenyewe hutibika kwa upasuaji.

Virusi vya Ukimwi: majibu ya mkeo ni ya mkeo. Wapo wenza wengi ambao mmoja ana maambukizi na mwingine hana, kwa hiyo kadi yake ya kliniki haikupimi wewe. Kampeni ya Furaha Yangu, ya kuhimiza upimaji, ilizinduliwa Tanzania mwaka 2018 ikiwalenga hasa wanaume. Siku hizi kuna na vifaa vya kujipima mwenyewe faraghani, ila jibu la kuwa na maambukizi lazima lithibitishwe kituoni. Ukiwa huko, omba wapime na homa ya ini B. Usipokuwa nayo, chanjo ipo.

Vipo vitu visivyopimwa kwa futi. Mkeo akikuambia unakoroma halafu kuna muda pumzi inasimama kabisa, usimkatalie. Kama mchana unasinzia na unaendesha lori au bodaboda, hatari hiyo si yako peke yako. Kuhusu pombe, daktari John Ewing aliacha maswali manne mepesi: umewahi kuona inabidi upunguze? Watu wamekuudhi kwa kukusema? Umejuta? Asubuhi unahitaji ya kuzimua? Mawili yakiwa ndiyo, tafuta msaada. Na kuhusu moyo wa ndani, jiulize kama kwa wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni karibu kila siku, au yale uliyoyapenda, mpira, kijiwe, watoto, hayana ladha tena. Kwa wanaume wengi hali hii haionekani kama machozi. Inaonekana kama hasira, pombe na ukimya, na duniani wanaume ndio wanaojiua kwa wingi, zaidi ya mara mbili ya wanawake.

Si kila kitu kiandikwe kila siku, utachoka na kuacha. Mapigo ya moyo mara moja kwa wiki, kamba ya tumbo mara moja kwa mwezi, sakafu na pushapu kila miezi mitatu. Presha mara moja kwa mwaka kama iko chini, mara kwa mara zaidi ikianza kupanda. Sukari na figo kila mwaka kwa aliyevuka arobaini, au mapema zaidi kama ana kitambi au wazazi wenye kisukari. Tarehe pembeni ya kila namba, kwani namba isiyo na tarehe haimsaidii daktari.

Kuna siku ambayo kujipima hakufai. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakapanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi likakutoka, usijiambie ni gesi, usinywe soda ukalala. Usijiendeshe mwenyewe, mwamshe mtu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hivyo hivyo, hata kama yamerudi sawa baada ya dakika kumi. Anayekupeleka aangalie saa na akumbuke dalili zilianza lini, kwa sababu daktari atamuuliza hilo kabla ya mengine: kwa kiharusi cha bonge la damu, dawa ya kuliyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu.